Uyoga wa Manjano wa Miombo: Utambue Kabla ya Kuutia Chunguni



Mvua zikishika, akina mama wanaorudi na kuni huwa na kitu kingine juu ya mzigo: kitenge kilichofungwa vizuri, na ndani yake uyoga. Jioni harufu yake husikika mtaani, na hakuna anayelalamika. Aliyekula ugali na maharage ya mgao tangu mwezi uliopita anajua kwa nini. Uyoga hauhitaji shamba wala fedha. Una protini na madini yanayohitajiwa na mwili, ingawa sehemu kubwa ya uyoga mbichi, karibu sehemu 9 kwa 10, ni maji.

Lakini msimu wa uyoga ndio pia msimu wa sumu ya uyoga. Kwa hiyo katika somo hili hatutafundisha uyoga wa kila aina. Tutajifunza mmoja tu, ule wa manjano au wa rangi ya chungwa unaoota ardhini katika msitu wa miombo. Anayeujua mmoja barabara yuko salama kuliko anayejua ishirini nusunusu.

Wataalamu huiita jamii ya uyoga huu Cantharellus. Majina ya nyumbani ni mengi, na kila kabila lina lake, hivyo tutauita tu uyoga wa manjano. Ndugu zetu Warundi huita uyoga kwa jumla ubwoba, neno linaloandikwa sawasawa na lile la hofu. Hata katika Kiswahili, uyoga na woga yamekaa karibu. Pengine wazee walikuwa na sababu yao.

ANAYEJUA NDIYE ANAYEKOSEA

Watu wengi hudhani kwamba anayekufa kwa uyoga ni mtu asiyejua lolote. Mara nyingi sivyo. Asiyejua huogopa, akauacha. Anayekosea ni yule aliyeokota uyoga na mama yake tangu utoto, akahamia nchi nyingine, akaona uyoga "uleule" chini ya mti mwingine.

Mwaka 2015 wakimbizi waliokuwa wamefika Ujerumani, wengi wao kutoka Syria, waliokota uyoga uliofanana na ule unaoliwa kwao. Ulikuwa Amanita phalloides, uyoga unaoua watu wengi kuliko mwingine wowote duniani. Hospitali ya chuo cha tiba cha Hannover ililazimika kutoa bango la onyo katika lugha za wakimbizi wenyewe. Mwaka 2021 nchini Poland, watoto wawili wa familia moja iliyotoka Afghanistan, ndugu wa miaka 5 na 6, walikufa baada ya kula uyoga uliookotwa msituni karibu na kituo walichokuwa wakiishi. Familia ile ilikuwa imeponea vita kwao, na ilikuwa Poland kwa siku chache tu.

Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wageni wa msitu ule.

Sasa tujitazame sisi. Baadhi yetu tumetoka pande za Kalemie na Moba, au Rumonge kule Burundi, ambako miombo ipo kama ilivyo huku Kigoma. Hao wana msingi mzuri. Lakini wengine tumetoka milimani, kwenye msitu wa baridi na mianzi, au katika vijiji ambavyo miti yake ni mikaratusi na misonobari iliyopandwa. Uyoga wa chini ya misonobari uliletwa pamoja na miti hiyo kutoka nje, na si ule wa miombo hata kama rangi zinafanana. Mama wa milimani anayeingia miombo kwa mara ya kwanza ni mwanafunzi, hata kama kwao alikuwa mwalimu. Kusema hivyo si kumdharau.

MAHALI UNAPOOTA

Kabla ya kutazama uyoga, tazama juu. Ni miti gani iliyokuzunguka?

Miombo ni msitu mkubwa unaoanzia huku Tanzania na kuenea hadi Kongo ya kusini, Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe na Angola. Si msitu wa giza. Miti imeachana kidogo, jua hufika chini, na katikati huota nyasi. Majani mapya yanapochipuka kabla ya mvua huwa mekundu kama kutu, hata mtu huweza kudhani msitu unakauka. Miti yenyewe hasa ni mitundu na ndugu zake, ambayo maganda yake ya mbegu hupasuka kwa mlio wakati wa kiangazi na kutupa mbegu mbali. Pamoja nayo imo mikusu, ile yenye majani mapana magumu na matunda matamu ambayo watoto wote wanayajua.

Uyoga wa manjano huota chini ya miti hiyo kwa sababu unaitegemea. Kile tunachookota ni tunda tu. Mwili wake hasa ni nyuzi nyembamba sana, nyeupe, zilizo ndani ya udongo. Nyuzi hizo huzunguka ncha za mizizi ya mti kama soksi inavyozunguka mguu. Zinaupa mti maji na madini kutoka mbali ambako mizizi haifiki, na mti nao huzipa sukari inayotengenezwa na majani. Kila mmoja anamlisha mwenzake.

Hapa tunapata mambo mawili. Kwanza, uyoga huu huota ardhini, si kwenye gogo wala kisiki. Pili, mti ukikatwa, uyoga wake nao umekwisha. Unaweza kuokota mahali pamoja miaka mingi bila kuumaliza, kwa maana hukuondoa nyuzi. Lakini eneo likishakatwa miti yote kwa kuni na mkaa, hata mvua ikinyesha vipi, uyoga wa manjano hautarudi mpaka miti irudi. Wenyeji wa vijiji vinavyotuzunguka wamekuwa wakiokota hapa tangu zamani kabla kambi hazijakuwapo. Msitu ukiisha, wao pia wanapoteza kitoweo na fedha ya soko. Hii ni sababu mojawapo ya malalamiko yao, na ni ya haki.

Wakati wake ni masika. Usitegemee kuuona mvua za kwanza tu zinapodondoka. Udongo ni lazima ulowane kwa majuma kadhaa. Wale wanaotokea mapema, mvua za mwanzo, wakubwa weupe au wa kijivu wanaochipuka juu ya vichuguu, ni jamii nyingine kabisa inayolimwa na mchwa chini ya ardhi. Hao nao huliwa na ni watamu, lakini wana somo lao.

UTAMBUE HIVI

Okota mmoja, ukae chini, uutazame bila haraka. Tunahitaji dalili zote kwa pamoja. Dalili nne kati ya tano hazitoshi.

Anza na rangi, lakini usiishie hapo. Kofia yake ni ya manjano kama kiini cha yai, au chungwa, na aina nyingine huelekea wekundu. Katika miombo aina ni nyingi, si moja. Upana wake kwa kawaida ni sentimita 3 hadi 10. Ukiwa mdogo, kofia huwa ya mviringo na kingo zake zimekunjwa ndani. Ukikua, katikati hubonyea kama faneli ya kumiminia mafuta, na kingo huwa na mawimbi. Juu ya kofia hakuna madoa meupe ya kubandikwa.

Sasa ugeuze. Hapa ndipo penye kazi. Uyoga wa aina nyingi una chini ya kofia vipande vyembamba vilivyosimama kama kurasa za kitabu, na ukivisukuma kwa kidole hulala au huvunjika na kuachana na kofia. Uyoga wa manjano hauna kurasa za namna hiyo. Una mikunjo. Mikunjo hiyo ni sehemu ya nyama yenyewe ya kofia, kama ngozi ya mkono wa mzee inavyokunjamana, wala huwezi kuibandua bila kuchana nyama. Hugawanyika njiani kama njia panda, mara mbili au tatu, na kati ya mkunjo na mkunjo mara nyingi kuna mishipa midogo ya kuunganisha. Tena haikomi penye shina, bali huteremka juu ya shina na kupotea taratibu, hata usiweze kusema kofia imeishia wapi na shina limeanzia wapi.

Ni lazima tuseme kweli hapa. Katika aina kadhaa za Afrika mikunjo ni mirefu na myembamba kuliko ile inayoonyeshwa katika vitabu vya Ulaya, na mtu mgeni anaweza kuidhani kurasa. Ndiyo sababu mgeni aokote na mtu anayejua, wala si na karatasi hii peke yake.

Shina lake ni nene kwa juu na hupungua kuelekea chini. Limejaa nyama ndani, si mrija mtupu. Halina pete, yaani ule ukosi wa utando unaozunguka shina. Wala chini kabisa halina kikombe au mfuko. Ili kuhakikisha hili usikate juu ya ardhi ule wa kwanza. Chimba kwa kijiti uung'oe mzima, upanguse udongo, utazame. Watu wengi wamekula sumu kwa sababu walikata kwa kisu na kuuacha mfuko ardhini, na mfuko ndio uliokuwa alama ya hatari.

Mwisho, uchane kwa urefu kwa vidole. Nyama yake huchanika kwa nyuzi, kama kifua cha kuku kilichochemshwa. Haivunjiki kama chaki. Ndani ni nyeupe au manjano hafifu, na hakuna maziwa yanayotoka. Harufu yake ni tamu, ya matunda yaliyoiva. Wadudu hawaupendi sana, kwa hiyo mara nyingi ndani ni msafi hata ukiwa umekua.

USICHANGANYE NA HII

Wa kwanza ni jamii ya Amanita, ndugu za yule aliyeua kule Ulaya. Hapa kwetu miombo ina Amanita za rangi nyingi, nyeupe, kahawia, manjano, hata chungwa. Baadhi huliwa na wenyeji na huuzwa kando ya barabara, na hilo ndilo linalowachanganya wageni, maana nyingine za jamii hiyohiyo ni sumu kali. Amanita ina kurasa halisi chini ya kofia, na nyingi zina pete shinani na mfuko chini. Zikiwa changa hutoka ardhini kama yai lililofunikwa utando. Uyoga wa manjano hautoki katika yai hata siku moja. Ushauri wetu kwa mgeni ni mgumu lakini wazi: chochote chenye pete na mfuko, kiache, hata jirani yako akikila na kupona. Huenda yeye anajua tofauti ambayo wewe bado huijui.

Wa pili ni uyoga wa chungwa unaoota kwenye magogo, visiki na mizizi iliyooza. Huota kwa mafungu, mashina mengi yameshikana chini. Kwa mbali unapendeza kuliko hata wa manjano. Una kurasa halisi, na mara nyingi ni mchungu. Baadhi yake huleta matapishi makali. Angalia vizuri, kwani gogo linaweza kuwa limefukiwa na udongo na majani, ukadhani umeota ardhini. Fukua kidogo uone.

Wa tatu haufanani na wa manjano hata kidogo, ila tunautaja kwa kuwa ndio ulio karibu na milango yetu. Ni mkubwa, mweupe, una magamba ya kahawia juu ya kofia na pete shinani. Huota penye nyasi fupi, uwanjani, karibu na jaa na bustani. Jina lake ni Chlorophyllum molybdites. Ukikomaa, kurasa zake hugeuka rangi ya kijani kibichi chafu. Ukiwa mchanga kurasa ni nyeupe, na watu huudhani ni ule mtamu wa vichuguu. Unatapisha na kuharisha vibaya saa 1 hadi 3 baada ya kula, na kwa mtoto mdogo kuharisha namna hiyo si jambo la mchezo. Waambie watoto wasiguse uyoga wa uwanjani.

Na ule mwekundu wenye madoadoa meupe, unaochorwa katika vitabu vya watoto? Huo huota chini ya misonobari ya kupandwa. Kwa rangi unavutia kuliko wote. Ni sumu inayochanganya akili. Katika miombo wenyewe utakuta uyoga mwingine mwekundu usio na madoa, unaovunjika kama chaki. Huo si huu, na pia si wa manjano.

MAJARIBIO YA UONGO

Zipo imani nyingi, na kila mmoja wetu amezisikia kutoka kwa mtu anayemheshimu. Kwamba ukitia sarafu au kijiko cha fedha chunguni kikawa cheusi, ni sumu. Kwamba kitunguu hubadilika rangi. Kwamba uyoga ulioliwa na konokono au panya ni salama kwa mtu. Kwamba ukimenya ngozi ya kofia, au ukichemsha kwa chumvi, au ukianika juani, sumu huisha. Kwamba uyoga wa sumu ni mchungu.

Yote si kweli. Konokono hula uyoga unaoua mtu na hapati kitu. Sumu ya Amanita phalloides haiharibiki kwa moto, kwa kukaushwa wala kwa chumvi, na waliokula wakapona wamesema ulikuwa mtamu. Uyoga mmoja tu huweza kumuua mtu mzima. Hakuna jaribio la jikoni. Kuna kuujua uyoga wenyewe tu.

Lipo jaribio moja linalosaidia kidogo, nalo ni la karatasi. Kata shina, weka kofia juu ya karatasi nyeupe, upande wa mikunjo chini, funika kwa bakuli, uache usiku kucha. Asubuhi utaona vumbi la mbegu. La uyoga wa manjano ni jeupe-maziwa au manjano hafifu. La yule mweupe wa uwanjani ni la kijani. La ule wa vichuguu ni la waridi. Lakini zingatia: vumbi jeupe halithibitishi kwamba ni salama, kwa sababu Amanita nazo zina vumbi jeupe. Jaribio hili linaweza kukuambia "hapana", lakini haliwezi kukuambia "ndiyo". Walimu wa shule wanaweza kulifanya na wanafunzi darasani, na watoto hulipenda, ila wanawe mikono baadaye na wasionje.

KUOKOTA NA KUPIKA

Kwanza muulize kiongozi wako wa zoni mpaka unaoruhusiwa na taratibu za kutoka. Nenda na wenzako, kamwe usiende peke yako, hasa akina mama na wasichana. Sababu mnazijua.

Chukua kikapu au kitambaa, usitumie mfuko wa plastiki, kwani ndani yake uyoga hupata joto na kuoza haraka, na uyoga uliooza huumiza tumbo hata kama ni wa aina njema. Weka aina moja tu katika chombo kimoja. Ukitaka kuonyesha aina usiyoijua kwa mzee, ibebe peke yake, imefungwa mbali. Kipande kimoja kibaya kikichanganyika na vizuri mia moja, jikoni hutakiona.

Wale wadogo sana waache wakue, na wale waliochakaa waache wamwage mbegu. Usifukue udongo wote kwa jembe. Ukishaujua uyoga vizuri na huna shaka tena, kukata au kung'oa ni mamoja.

Nyumbani uchambue tena, mmoja mmoja, kukiwa bado na mwanga. Hapa ndipo wazee wanafaa: mpe bibi anayejua kitunga chote akipitie kabla hujawasha moto. Osha mara mbili tatu, maana mikunjo hushika mchanga. Usiule mbichi. Uchemshe dakika 15 hivi, kisha umalizie kwa mafuta na chumvi, au kwa karanga zilizotwangwa, ambazo kwa maoni yetu ndizo mwenzi wake wa kweli. Ukila aina kwa mara ya kwanza maishani, kula kidogo tu, na usimpe mtoto mchanga wala mama mjamzito. Kama ni nyingi, chana vipande vyembamba uanike juani juu ya mkeka hadi vikauke kabisa. Vitakaa miezi kadhaa visipopata unyevu.

Wengine wameuliza kama uyoga huu unaweza kulimwa uani. Hauwezi, kwa sababu ya ile ndoa yake na mizizi ya miti. Unaolimwa ni uyoga mamama, ambao hukubali kuota juu ya mabua, pumba na majani makavu ya migomba.

MTU AKIUMWA BAADA YA KULA UYOGA

Hapa, ndugu msomaji, soma mara mbili, kisha umsomee na jirani asiyejua kusoma.

Tazama saa. Sumu nyingi huanza mapema, ndani ya saa 1 hadi 3: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, wakati mwingine jasho jingi au kuchanganyikiwa. Zinatisha, na mgonjwa apelekwe hospitali, lakini wengi hupona. Sumu inayoua zaidi ni ile inayochelewa. Mtu hula jioni, analala vizuri, na kuanza kutapika na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24. Kwa kuwa muda umepita, hakuna anayekumbuka uyoga. Watasema ni kipindupindu, au ni maji, au mtu amemroga. Halafu baada ya siku moja anapata nafuu. Anakaa, anaomba uji. Familia inashukuru na kumrudisha nyumbani.

Nafuu hiyo ni ya uongo. Wakati huo sumu inaharibu ini. Siku ya tatu au ya nne macho huwa ya manjano, mkojo mweusi, damu hutoka, na mgonjwa huanza kupoteza fahamu. Ndipo anapoletwa, na muda wa kumsaidia umekwisha kuwa mfupi sana.

Kwa hiyo usisubiri kuona kama atapata nafuu. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku, na useme neno "uyoga" kwa sauti, kwani mhudumu asipoambiwa hawezi kubahatisha. Sema uliliwa saa ngapi na dalili zilianza saa ngapi. Wapeleke na wengine wote waliokula chungu kimoja, hata wasioumwa. Chukua mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa, hata maganda yaliyotupwa jaani. Kama hayapo, chukua matapishi kwenye kopo.

Usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa, mafuta ya kula, mkojo wala dawa ya mitishamba. Kama anaharisha na ana fahamu, mpe maji ya chumvi na sukari njiani, kidogo kidogo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kama hana fahamu, mlaze ubavu na usimpe chochote kinywani.

Wapo wanaoficha kwa kuwa waliokotea mahali pasiporuhusiwa, wakaogopa kuulizwa. Mgonjwa aletwe kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

Someni pamoja na mzee mmoja anayejua miombo, mkiwa na uyoga halisi mkononi kama msimu unaruhusu.

1. Katika kijiji chenu cha zamani mlikuwa na miti gani? Ni uyoga upi wa kwenu ambao hamjauona hapa, na upi mnaodhani ndio uleule? Mnajuaje?

2. Mama mmoja ameleta uyoga wa chungwa. Una kurasa nyembamba, hauna pete, na ameukata kwa kisu juu ya ardhi. Atafanya nini? Ni mambo gani mawili ambayo hakuyatazama?

3. Baba amekula uyoga jana saa 1 jioni. Leo asubuhi ametapika mara nne. Sasa ni saa 10 jioni na anasema amepona. Mtamwambia nini, na mtaondoka saa ngapi?

4. Katika mtaa wenu, ni nani anayeujua uyoga wa msitu huu kweli kweli, na anakaa nyumba ipi? Kama ni mwenyeji wa kijiji cha jirani, mtamkaribisha vipi aje kuwafundisha kabla ya mvua zijazo?